Kinywa cha Mzee, Chakula Chake na Furaha Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Tawi katika mkutano wa jioni)



Tulipoombwa na Katibu tusome maneno machache jioni hii, tulipewa ruhusa ya kuchagua jambo lo lote tulipendalo, mradi lisiwe la mishahara, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kusemwa mno na majibu yake twayajua sote. Basi tumechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalicheka, nalo ni meno ya wazee wetu. Sisi si matabibu, wala hatujisingizii utabibu. Tu makarani kama ninyi. Haya tutakayoyasema tumeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza matabibu wa meno, na kwa makosa tuliyoyafanya nyumbani kwetu wenyewe. Twaona ni haki tuanze na makosa.

Tunaye baba mkubwa ambaye alifiwa na mkewe, tukamchukua kutoka shamba aje akae nasi mjini. Alikuwa mtu wa maneno. Katika ujana wake yeye ndiye aliyekuwa akisomewa kila barua iliyofika kijijini, au tuseme yeye ndiye aliyewasomea wenyewe barua zao, na hata uzeeni kazi yake ya alasiri ilikuwa kukaa barazani na kuwasomea wenzake gazeti kwa sauti, akisimama kila mahali ili aongeze maoni yake, hata habari ya mistari miwili ikachukua robo saa. Alipokuja kwetu aliendelea hivyo kwa miezi michache, kisha akaanza kunyamaza. Gazeti akalisoma kimya kimya. Akawa hataki tena kukaa penye sinia pamoja na watu. Alisema chakula cha usiku chamletea kiungulia, akaomba apelekewe uji chumbani. Akicheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kumekwisha kuwa haba, aliinua kiganja akafunika kinywa. Nguo zikaanza kumpwaya.

Sisi tukasema, ni msiba. Jirani akasema, ni uzee. Katika zahanati moja tulikompeleka tuliambiwa maneno yale yale ya jirani, ila kwa lugha ya kitabibu, wala hakutokea mtu aliyemwambia afungue kinywa. Hatuwalaumu sana, maana sisi tulikaa naye nyumba moja na hatukumwambia vile vile. Tulichofanya ni kumwongezea sukari katika uji ili apate nguvu, na kumnunulia biskuti laini za kuchovya katika chai. Tulijiona watoto wema.

Aliyelifumbua jambo ni mtoto wetu wa miaka sita, ambaye alikuja kutuarifu kwamba Babu ana paka wake wa siri, naye humlisha nyama dirishani. Mama wa mtoto alishangaa, lakini asingeweza kufanya zaidi, maana mke wa mwana hawezi kumwambia mkwewe apanue kinywa. Ikabidi tumngoje dada yetu mkubwa, ambaye mzee humpenda kuliko sisi wote, naye siku aliyokuja akamketisha dirishani penye mwanga akamwomba aone. Upande wa kushoto magego yalikuwa yamebaki mizizi mitupu, imechongoka kama vigae, na mmoja ulikuwa na usaha. Upande wa kulia hapakuwa na magego kabisa. Yaling'olewa moja moja kwa muda wa miaka mingi, kila lilipouma. Ukingo wa ulimi ulikuwa umechubuka kwa kukwaruzwa na mizizi ile. Dada alipomwuliza kwa nini hakusema, mzee alijibu kwamba watoto wana ada za shule, na yeye hakuona vema fedha zitumike katika kinywa cha mtu aliyebakiwa na siku chache. Tangu siku hiyo ni miaka minne sasa.

Mabwana, tumelisimulia hili kwa urefu kwa sababu twaamini liko katika nyumba nyingi za watu waliokaa humu ndani.

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwenye meno yake 20 au zaidi aweza kutafuna vyakula vingi bila msaada wa meno ya bandia. Kwa hesabu hiyo Wajapani walianza mwaka 1989 kampeni waliyoiita kwa tarakimu, 8020, maana yake mtu afikapo miaka 80 awe bado na meno yake 20. Wakati ule wazee wa umri huo waliofikia kiasi hicho hawakutimia mmoja katika kumi. Katika uchunguzi wao wa mwaka 2016 walikuwa zaidi ya nusu. Tumeitaja Japani ili tuwajibu wale wasemao kwamba kung'oka meno ni sheria ya uzee kama mvi. Mvi huja zenyewe. Jino hung'oka kwa sababu limeoza, au kwa sababu fizi zimeugua na mfupa unaolishika umelika, na mambo yote mawili yazuilika. Uzee huongeza tu miaka ya uzembe.

Sasa tutazame asiye na magego anavyokula. Hubadili chakula chake pole pole, bila kutangaza, na pengine bila yeye mwenyewe kutambua. Kwanza huacha mahindi ya kuchoma na miwa, jambo ambalo halimdhuru. Kisha huacha korosho na karanga, kisha makande, kisha nyama, kisha mboga zenye nyuzinyuzi na matunda magumu. Kinachobaki ni uji, mkate uliochovywa katika chai, wali laini na mchuzi. Tumbo hujaa, na kila mtu huona limejaa. Lakini protini imepungua, ambayo ndiyo inayohifadhi nyama ya mwili, na mzee mwenye misuli iliyonyauka huinuka kitini kwa shida na huanguka upesi. Nyuzinyuzi zimepungua, basi hufunga choo, na mwenye kufunga choo hana hamu ya chakula, kwa hiyo hula kidogo zaidi. Vitamini B12, ipatikanayo katika nyama, samaki, mayai na maziwa, ni ngumu kwa mwili wa mzee kuinyonya hata akiila. Akiacha vyakula hivyo, hupungukiwa mara mbili. Na dalili za upungufu huo ni nini? Damu hupungua, ulimi huwa mwekundu na kuuma, vidole hufa ganzi, kumbukumbu hulegea, na moyo huingiwa na unyonge. Tazameni jinsi njia inavyozunguka: meno yalikataza nyama, kukosa nyama kumeuumiza ulimi, na ulimi unaouma sasa wakataza hata kile kidogo kilichobaki.

Hapa kwetu pwani twala pamoja, na desturi hii ni njema, wala hatuji kuipinga. Lakini sinia lina siri yake: halisemi nani amekula nini. Watu sita wakilizunguka sinia la wali na nyama, wenye meno humaliza tonge la tatu kabla kibogoyo hajameza la kwanza. Naye kwa heshima yake hataki kubaki peke yake na sinia huku wengine wakingoja kunawa, basi hunawa nao. Kila mtu aweza kuapa kwamba mzee alikula, kwa sababu aliuona mkono wake ukienda na kurudi. Mkono ulikwenda penye wali na mchuzi. Nyama aliisukuma upande wa watoto, na watoto wakamsifu kwa ukarimu. Sisi wenyewe tulimsifu baba mkubwa kwa ukarimu huo mwaka mzima.

Na mtu anayeacha kula pamoja na watu haachi chakula tu. Penye sinia ndipo habari za mchana husimuliwa, ndipo kijana huulizwa shauri, ndipo mzee hutaniwa na wajukuu. Aondokaye pale ameondoka katika mazungumzo. Tena meno ya mbele ni sehemu ya kusema. Mwenye mapengo hutoa maneno yenye upepo, na mtu aliyekuwa akisifiwa kwa usemaji wake huona haya kuliko mwingine. Harufu ya jino lililooza nayo, mwenyewe huijua kabla hamjaijua ninyi, akajitenga kitako kimoja mbali na mwenzake. Halafu twasema amekuwa mkali, au amenuna, au anajivuna.

Matabibu wanayo orodha fupi ya maswali 15, iliyotungwa Marekani katika miaka ya 1980, ambayo hutumika kutambua kama mzee ameingiwa na huzuni ile ya ugonjwa, ambayo siku hizi huitwa sonona. Moja katika maswali hayo humwuliza mzee kama hupendelea kukaa nyumbani kuliko kutoka. Twalistahi swali hilo, lakini tulipolisoma tulimkumbuka baba mkubwa. Yeye angejibu ndiyo, na tabibu angeandika kalamu moja upande wa huzuni. Kumbe sababu mojawapo ya kukaa nyumbani ilikuwa mizizi minne ya magego.

Katika miaka ya 2004 na 2005 wataalamu wa Muhimbili wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway waliwahoji na kuwapima watu zaidi ya 1,000 wenye miaka 50 na kuendelea, katika Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Waliwauliza kama kinywa kimewazuia katika mambo manane ya kila siku: kula, kusema, kusafisha meno, kulala, kucheka na kuonyesha meno bila haya, kutulia moyoni, kufanya kazi zao, na kufurahia kukaa na watu. Zaidi ya nusu walisema wamezuiwa katika jambo moja au zaidi, na kula ndiko kulikotajwa na wengi zaidi. Wa mashamba walilalamika kuliko wa mjini. Twaomba mtazame ile orodha tena. Mambo manane, na zaidi ya nusu yake hayahusu chakula hata kidogo. Ni mambo ya moyo na ya heshima ya mtu mbele ya wenzake.

Mtu mwenye akili ataniuliza, au tuseme atatuuliza: je, ni meno yanayoleta huzuni, au ni huzuni inayoharibu meno? Swali ni zuri. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba wazee waliopoteza meno huwa na huzuni zaidi na lishe duni zaidi, lakini mambo kuandamana hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Umaskini waweza kuyaleta yote matatu kwa pamoja. Tena huzuni yenyewe huharibu kinywa: aliyevunjika moyo haoni faida ya kupiga mswaki, hutaka vitu vitamu kuliko chakula, na kama ni mvutaji huzidisha tumbaku. Hata dawa zina sehemu yao. Baadhi ya dawa za kutibu huzuni, za usingizi na za shinikizo la damu hukausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa meno, kwani huosha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya tindikali inayotoboa jino. Mzee mwenye kinywa kikavu huoza meno upesi, na chakula kikavu hakimpiti kooni. (Dawa hizo zisiachwe kwa kusikia maneno yetu; amwambie aliyempa, naye ataona kama yafaa kubadili. Wakati huo anywe maji kidogo kidogo mara nyingi.) Basi twaona kwamba duara hili lina milango zaidi ya mmoja, na aliye nyumbani hana haja ya kungoja wataalamu wamalize kuamua mlango upi ulifunguliwa kwanza. Aingie kwa ule ulio karibu.

Lakini msitusikie vibaya. Si kila huzuni ya mzee ni ya meno. Mwenye kusema kwamba maisha hayana faida tena, au asiyelala, au aliyeacha kuwatambua watu wake, apelekwe kwa tabibu mara moja, hata kama ana meno yote 32. Na baba mkubwa hata leo hutaja jina la marehemu kila Ijumaa na kukaa kimya baadaye, wala hatukutazamia meno ya bandia yamwondolee hilo.

Naam, alipata meno ya bandia, na hapa pana jambo la kusema kwa sababu watu wengi hukata tamaa hapo. Mizizi iling'olewa kwa safari mbili, tukangoja fizi zipone, ndipo vikachukuliwa vipimo. Meno yalipokuja yalimwumiza, akayatia katika gilasi juu ya kabati akayatazama kwa muda wa wiki tatu kama mtu anayetazama deni. Hatukujua kwamba ni kawaida kurudi kwa mtengenezaji akwangue mahali panapobana, tena si mara moja. Mara ya tatu yakakaa. Hata hivyo nguvu zake ni ndogo sana kuliko za meno ya asili. Mwenye kutazamia kuvunja mfupa wa mbuzi atasikitika. Usiku huvuliwa na kuwekwa katika maji, fizi zipumzike. Asubuhi husuguliwa kwa sabuni na mswaki juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Na maji yachemkayo yasitumike, kwani huyapinda. Baada ya miaka mfupa wa taya husinyaa, meno yakalegea, na hapo yahitaji kurekebishwa.

Habari za kusafisha kinywa mnazijua, kwa hiyo hatutakawia. Mswaki wa mti ni mzuri kwa mwenye kuutumia vema na kufika nyuma kwenye magego, lakini dawa ya meno yenye floraidi huongeza ulinzi usiopatikana katika kijiti. Mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. Tambuu iliyochanganywa na popoo na tumbaku twaijua utamu wake kwa bibi zetu, lakini popoo na tumbaku zote mbili huleta saratani ya kinywa. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kisingojwe.

Kuhusu sukari tutakawia kidogo, kwa sababu ndiyo dhambi yetu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima asipitishe kiasi cha gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vya chai kama 12, na kwamba ni heri zaidi akishuka hata nusu yake. Hesabuni vikombe vya chai ya ofisini, na wengi wetu tutakuwa tumefika mpaka kabla ya saa sita. Sasa mhesabieni mzee aliyeletewa uji wa vijiko vinne asubuhi, vinne adhuhuri na vinne usiku, pamoja na biskuti, na kinywa chake kimekauka, na hasafishi magego kwa kuwa yauma. Sisi ndio tuliolisha ule uozo, tena kwa mkono wa upendo.

Chakula cha mtu asiyetafuna kitoke katika chungu kile kile cha nyumba, ila kitengenezwe. Nyama isagwe au ikatwe vipande vidogo ipikwe mpaka ilainike. Samaki atolewe miiba. Dagaa wasagwe unga utiwe katika mchuzi. Kisamvu kilichotwangwa na mchicha uliopikwa kwa karanga za kusaga havihitaji meno hata kidogo, wala maharage yaliyopondwa, wala mayai, wala maziwa ya mgando, wala papai na ndizi mbivu. Kumbe bibi zetu walikuwa na kinu na kibao cha mbuzi, na vyombo hivyo vilitafuna kwa niaba ya wazee kabla ya meno ya bandia kujulikana. Na apakuliwe sahani yake, lakini sahani hiyo iwekwe pale pale penye sinia, na wengine wapunguze mwendo. Tulipofanya hivyo nyumbani kwetu, jambo lililotupa taabu lilikuwa lile la mwisho.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twaingia katika hoja. Mfuko wetu wa Kusaidiana hutoa sanda, hutoa gari la mazishi, na humkopesha mwanachama fedha za matanga ya mzazi wake, akakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Hatusemi jambo hilo liondolewe. Lakini katika kitabu cha Mfuko hapana mstari hata mmoja unaomruhusu mwanachama kukopa ili mzazi wake aliye hai apate kutafuna. Twaomba mstari huo uongezwe, kwa masharti yale yale ya mkopo wa matanga, bila kuzidi kiasi chake. Pia wale walioandikisha wazazi wao katika bima ya afya, na Katibu kwa niaba yetu sote, waulize kwa maandishi ni matibabu gani ya kinywa yaliyomo na yapi hayamo, ili mtu asiyagundue akiwa amesimama dirishani na mzee wake ameshika shavu.

Bwana Mweka Hazina alitunong'oneza kabla ya kuingia kwamba mikopo ya namna hii itaumaliza Mfuko. Huenda. Tumemwomba atuletee katika mkutano ujao hesabu ya mikopo ya matanga ya miaka mitatu iliyopita, tuilinganishe na bei ya seti moja ya meno, naye amekubali. Hoja yetu yahitaji mtu wa kuiunga mkono.